Karatasi Nyuma ya Picha ya Mataji

Vasant Ranchod Luhar alizaliwa Jumatano, tarehe 13 Julai 1955, katika nyumba ya kupanga mtaani Kisutu, Dar es Salaam. Cheti chake cha kuzaliwa kimepauka kama chai ya maziwa, lakini bado kinasomeka. Hilo halina ubishi. Ubishi ulianza Februari 2025, alipoambiwa kwamba kuzaliwa ni jambo moja na uraia ni jambo jingine.

Vasant ni fundi wa kutengeneza vyerehani. Yeye mwenyewe hashoni. Ukimpelekea kitambaa atakuelekeza kwa jirani. Kwa miaka hamsini na mbili amekaa kwenye baraza moja, Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo, mbele ya nyumba ya akina Hajira binti Zahoro, mahali palepale alipokaa baba yake, mzee Ranchod. Ana meza, kiti cha mbao, kopo la mafuta na sanduku la vipuri ambalo yeye peke yake anajua kilichomo. Mteja akileta cherehani kibovu, Vasant humwambia akizungushe, kisha hufumba macho na kusikiliza. Watu wasiomjua hudhani mzee amelala. Baada ya dakika moja au mbili hufumbua macho na kutaja ugonjwa: jino limelika, shafti imepinda, au mashine ni nzima na tatizo ni mshonaji.

Kila asubuhi hutoka Kisutu kwa miguu na kukatisha Mnazi Mmoja. Zamani za ukoloni uwanja ule uliachwa wazi kwa makusudi, Uhindini ubaki upande wake na Uswahilini upande wake. Vasant hupita hapo saa moja kasoro, kabla jua halijakolea, wakati majani yana umande na mabasi ya mwendokasi yanasikika kwa mbali kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Anasema ule ndio wakati wake wa kutokuwa popote. Hayuko nyumbani, hayuko kazini, hakuna anayemwita. Akifika upande wa pili, kelele za Kariakoo humpokea, naye hurudi kuwa fundi.

Hakuwahi kujiuliza kama yeye ni raia. Alipiga kura. Alihesabiwa kwenye sensa zote alizozikuta. Sensa ya nchi hii humuuliza mtu paa lake ni la nini na choo chake ni cha aina gani. Kabila haimuulizi, na imeacha kuuliza tangu Vasant akiwa kijana. Mwaka 1971, Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha na Kisutu nzima ikalia, mzee Ranchod hakupoteza hata kitasa, kwa sababu hakuwa na nyumba. Aliamka asubuhi akiwa mpangaji vilevile, ila mwenye nyumba alikuwa amebadilika.

Mwaka huu leseni yake ya ufundi ilipofika ukomo, aliambiwa alete namba ya kitambulisho cha taifa. Hakuwa nayo. Miaka yote alikuwa akisema atakwenda kesho. Basi akavaa shati jeupe, akaenda.

Ofisa aliyempokea alikuwa mwanamke kijana, Agnesi, mwenye sauti ya taratibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

Agnesi alipitia fomu mstari kwa mstari, kalamu ikitembea juu ya karatasi bila kuigusa. Ikasimama.

"Baba alizaliwa wapi?"

"Jamnagar."

"Jamnagar iko mkoa gani, mzee?"

"Iko India."

"Na mama?"

"Huko huko."

Agnesi aliweka kalamu chini. Akamweleza kwa upole, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu ya maabara. Nchi ilipopata uhuru, aliyezaliwa hapa na mzazi mmoja aliyezaliwa hapa alikuwa raia siku hiyohiyo. Ambaye wazazi wake wote walizaliwa nje alipewa miaka miwili ya kujiandikisha, na watoto wadogo walimfuata baba.

"Kwa hiyo yote yanategemea baba yako, mzee. Kama alijiandikisha, wewe ni raia tangu ukiwa mtoto. Kama hakujiandikisha..." Aliichukua tena kalamu. "Aliyejiandikisha alipewa cheti. Cha baba kiko wapi?"

Vasant hakujua. Alikumbuka tu kwamba mwaka 1963, akiwa na miaka minane, baba alitoka asubuhi moja amevaa koti. Baba hakuwa na koti.

Alipofika nyumbani hakula. Alimpigia simu dada yake mkubwa, aliyeolewa Mwanza na kukaa huko tangu akiwa na miaka ishirini. Dada, ambaye bado humwita baba yao Bapuji, alicheka.

"Cheti? Si kile Bapuji alikibandika nyuma ya picha ya Mataji? Alisema hakuna mwizi wa Dar es Salaam atakayegusa picha ya mungu wa watu. Angalia nyuma ya picha."

Vasant alishusha simu polepole. Mkewe, Ranjanben, alikuwa amesimama mlangoni na kijiko mkononi. Alikuwa amesikia.

Picha ya Mataji, mungu mama aliyepanda simba, ilitundikwa kwenye ukuta wa chumba cha mbele tangu kabla Vasant hajaoa. Mwaka 2011 kioo chake kilipasuka na fremu ikaliwa na mchwa. Kwa Wahindu, picha iliyofukiziwa ubani na kuombewa haitupwi jalalani hata ikichakaa. Hupelekwa kwenye maji yanayotembea, ikaachwa iende zake kwa heshima. Ndivyo walivyofanya. Jumapili moja asubuhi walikwenda ufukweni Ocean Road na nazi, maua ya manjano na taa ndogo ya samli. Ranjanben alibaki mchangani akiimba sala kwa sauti ya chini. Vasant alikunja suruali, akaingia hadi magotini, akailaza picha juu ya maji kama mtu anayemlaza mtoto.

Anaikumbuka vizuri mno asubuhi hiyo. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Picha ilielea kifudifudi, na kwenye kona moja, mahali mbao zilipoachana, aliona karatasi ngumu, rangi ya maziwa, yenye ncha ya muhuri mwekundu. Alidhani ni karatasi ya mtengeneza fremu. Mawimbi yaliivuta picha mara mbili, yakairudisha mara moja, kisha yakaichukua. Alihisi amani kubwa. Alirudi mchangani akitabasamu, mkewe akamfuta miguu kwa upindo wa sari.

"Ni mimi niliyesema tuipeleke," Ranjanben alisema sasa, pale mlangoni.

"Ni mimi niliyeishika," alijibu Vasant.

Tangu siku hiyo, karatasi ilianza kumjia. Ilimjia mchana, kwenye baraza, saa ile ya baada ya adhuhuri ambapo Mtaa wa Mahiwa hupungua kasi na vyerehani sita vya mafundi jirani huunguruma kwa pamoja kama nyuki ndani ya ukuta. Akifumba macho kusikiliza mashine, aliiona karatasi imelala chini ya bahari, wino wake haujatoka, samaki wadogo wakipita juu ya jina la baba yake. Meli za bandarini zilipita juu kabisa, kubwa, kimya, zikikata mwanga. Herufi zilikuwa wazi. Ila kila alipokaribia kusoma tarehe, mteja aligonga meza.

"Mzee! Umesema shafti au sindano?"

Habari haikai Kariakoo. Ndani ya siku tatu baraza zima lilijua. Twaha, fundi wa kushona suti aliyekaa naye bega kwa bega, alikuwa na dawa tayari.

"Mzee Vasanti, unajisumbua bure. Rudi kule ukaseme ulikosea. Sema baba kazaliwa Bagamoyo. Nani atakwenda Bagamoyo kuuliza? Waliokuwepo wote wako makaburini."

"Na kaburi la baba yangu liko wapi, Twaha? Wahindu tunachoma."

"Ndiyo maana yake! Hata kaburi hamna la kuwaumbua."

Baraza zima likaangua kicheko. Vasant naye alicheka, lakini alitikisa kichwa. "Baba alizaliwa Jamnagar," alisema. "Alisema hivyo hadi anakufa. Sasa nimhamishe maiti?"

Hajira alikuwa mlangoni akichambua mchele kwenye ungo. Ana miaka sabini na mbili, ni Mzaramo wa mjini tangu babu yake, na Vasant amekuwa akimtania tangu wote wakiwa watoto. Hakuinua uso.

"We Mhindi, umetukalia kibarazani miaka yote hii kumbe ni mgeni! Na chai yangu ulivyoinywa. Nitakudai kodi ya hoteli."

"Chai yako haina sukari, dada Hajira. Nikudai mimi fidia."

Lakini jioni, akifunga sanduku la vipuri, aligundua kwamba neno mgeni limemshika mahali kama kijibanzi cha chuma kwenye kidole: hakionekani, ila ukigusa kitu kinajitaja.

Alirudi kwa Agnesi wiki iliyofuata na kumweleza kisa cha bahari. Alisimulia yote, hadi nazi na maua. Ofisa alisikiliza bila kucheka.

"Mzee, nina njia mbili," alisema. "Ya kwanza, naomba makao makuu watafute kwenye majalada ya mwaka ule. Lakini majalada yale yamepangwa kwa tarehe, hayakupangwa kwa majina. Watu walikuwa maelfu, hasa zile siku za mwisho. Niletee tarehe na mtu wa kuapa kwamba anaijua. Bila tarehe hawana pa kuanzia."

"Na ya pili?"

Agnesi alifungua droo akatoa fomu. "Tajnisi. Unaomba uraia upya. Umri wako, miaka uliyokaa, kazi yako, hakuna atakayekupinga. Utalipia, utasubiri, utakula kiapo."

"Kama mgeni."

"Kama mgeni, mzee."

Alikwenda nayo nyumbani. Ranjanben alisafisha meza, akatandika gazeti, akamletea kalamu mbili, ya bluu na nyeusi. Alitaka jambo lile liishe. Tangu ile simu ya Mwanza, usiku alikuwa akisikika akiomba radhi ukutani, pale palipobaki alama ya mraba ya picha ya zamani.

Vasant aliandika jina. Aliandika tarehe ya kuzaliwa. Aliandika mtaa, kazi, jina la mke, jina la binti yao Janki. Kisha akafika mahali palipoandikwa: Uraia wa sasa.

Feni ilizunguka juu yao. Kutoka chini mtaani ilipanda harufu ya jalebi zinazokaangwa. Kalamu ilikaa juu ya mstari ule muda mrefu hadi wino ukaacha nukta.

"Andika India, Baba Janki," Ranjanben alinong'ona. "Andika tu. India haitakuja kuuliza."

"Sijawahi kuiona."

"Si lazima uwe umeiona."

"Haijawahi kuniandika mahali popote. Wala Uingereza. Ukitoa hapa," alisema, akigusa ule mstari mtupu kwa kidole, "hakuna kwingine. Niandike nini? Niandike kwamba miaka sitini na tisa sikuwa mtu wa popote, halafu leo niombe kuanza?"

"Omba kwa ajili yangu, basi. Mimi ndiye niliyesema tuipeleke baharini."

Vasant alikunja fomu mara mbili akaitia mfukoni. Alifumba macho pale mezani kama afanyavyo kazini, na badala ya bahari alimwona baba yake mlangoni, ndani ya lile koti, akinukia mafuta ya mashine na vidonge vya kufukuza nondo. Koti lilikuwa refu mikononi. Baba alikuwa akicheka.

Asubuhi alipita Mnazi Mmoja bila kusikia kitu. Barazani aliitoa fomu, akaiweka juu ya meza, akaikandamizia kopo la mafuta. Hajira alitoka na birika.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona hujamaliza?"

"Dada Hajira, nikuulize kitu. Baba yangu hakuwa na koti maisha yake yote. Siku ile alivaa la nani?"

Hajira aliweka birika chini. Uso wake ulibadilika, kisha akaanza kucheka, kwanza pumzi tu, halafu mwili mzima, hadi akakaa kwenye kizingiti.

"La watu!" alisema. "La karani mmoja wa reli, mtaa wa Gerezani huko! Alimletea baba yangu alishone, alikuwa hajaja kulichukua. Baba akamwambia Ranchodi, mwanaume haendi kuapa na fulana yenye mafuta, vaa hili. Baba yako kaapa mbele ya Serikali na koti la mteja! Jioni mwenyewe kaja, kakuta linanukia oili. Ugomvi wake hapa kibarazani, usiulize."

"Mzee Zahoro alikuwepo?"

"Si ndiye aliyemdhamini? Alikuwa mjumbe wa chama mtaa huu. Walitaka mtu wa kusema huyu tunamjua. Kulikuwa na maneno mengi wakati ule: Wahindi hawa, sijui wana pasi mbili, sijui wataondoka. Wengine walitaka uraia upimwe kwa rangi, Bunge likakataa. Baba akasema, mimi simjui Mhindi, namjua Ranchodi. Akaenda naye."

Twaha alikuwa amesimamisha cherehani. Mafundi wengine nao, mmoja baada ya mwingine, hadi baraza likawa kimya kuliko Vasant alivyowahi kulisikia mchana.

"Siku gani, dada Hajira?"

"Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nitajuaje tarehe?"

"Hata mwezi?"

Hajira alishika shavu. Alitazama mtaani, lakini macho hayakuwa yakiona mikokoteni wala marobota ya vitenge yaliyokuwa yakipita.

"Mama alishikwa na uchungu asubuhi ile," alisema taratibu. "Nikatumwa nimfuate baba, nikaambiwa yuko mjini na Ranchodi, kwenye foleni. Walivyorudi, mtoto keshazaliwa. Baba akauliza, ni nani huyu? Mkunga akasema ni mwanaume. Baba yako akasema, basi leo tumepatikana raia wawili. Mtaa mzima ukambandika huyo mtoto jina. Jina lake la Abdulkadiri ni la chuo cha Kurani tu. Hapa si tunamwita..."

"Raia," alisema Twaha.

"Raia," alisema Hajira. "Mdogo wangu Raia."

Vasant alimjua Raia maisha yake yote: karani wa zamani wa kuhesabu mizigo bandarini, sasa mstaafu wa Temeke, mtu mnene mwenye haraka. Hakuwahi kuuliza jina lile lilitoka wapi. Kariakoo kuna watu wanaitwa Boksi, wanaitwa Saa Sita, na hakuna anayeuliza.

Walimpigia simu palepale. Abdulkadiri alifika kabla ya alasiri kwa bodaboda, cheti cha kuzaliwa kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, akilalamika.

"Mnaniitia cheti kama naandikishwa shule! Kaka Vasanti, nini tena?"

Vasant alikichukua kwa mikono miwili. Alivaa miwani. Alhamisi, tarehe 5 Desemba 1963. Siku chache kabla ya mlango kufungwa. Alisoma tarehe ile mara tatu, midomo ikitembea, na hakuna aliyegonga meza.

"Sasa wewe unalia nini?" Abdulkadiri aliuliza. "Siku niliyozaliwa mimi, unalia wewe?"

"Muache," alisema Hajira. "Ni pacha wako."

Kesho yake asubuhi Vasant aliweka mbele ya Agnesi vitu viwili: nakala ya cheti cha Abdulkadiri, na fomu ya tajnisi. Agnesi aliifungua fomu, akashuka nayo hadi kwenye mstari wenye nukta moja ya wino.

"Hapa hujajaza, mzee."

"Sitaijaza."

"Unajua hii ni njia ndefu zaidi? Majalada ni ya miaka sitini. Yanaweza yasionekane. Yakikosekana utarudi kwenye fomu hii hii, na leseni yako itakuwa imelala muda wote huo."

"Najua, binti yangu."

"Na cheti hiki ni cha mtu mwingine. Kinathibitisha siku yake yeye. Siku ya baba yako ataithibitisha huyo mama, kwa kiapo. Atahojiwa. Ataulizwa ameikumbukaje."

"Ataulizwa hadi aombwe kunyamaza," alisema Vasant.

Agnesi alitabasamu kwa mara ya kwanza. Aliandika tarehe 5 Desemba 1963 juu ya jalada jipya, kwa herufi kubwa, chini ya jina la Ranchod. Fomu ya tajnisi aliirudisha ndani ya droo.

Ranjanben alipoambiwa, aliuliza dada Hajira anapenda nini, amtengenezee. Leseni imesimama, lakini Vasant bado huenda barazani kila siku, hukaa kwenye kiti chake na kuwasikilizia mafundi wenzake mashine zao bila malipo.

Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, Hajira binti Zahoro atakula kiapo mbele ya hakimu, Abdulkadiri akiwa shahidi wa pili. Alasiri yake Agnesi atapeleka ombi makao makuu, na majibu yataletwa ndani ya siku tisini.